Cheti cha Mama Kina Alama ya Kuuliza

SWALI

Daktari, shikamoo.

Mimi ni binti wa pili katika familia ya watoto watano, na ninaishi na mama yetu Makorora, hapa Tanga. Mama ana miaka 64. Presha amekuwa nayo kwa zaidi ya miaka 12, na mwaka jana aliambiwa kuwa figo zake zimepungua nguvu, ingawa hakuelezwa zimepungua kwa kiasi gani; kwenye karatasi ya wakati ule kreatinini imeandikwa 150. Kisukari hana. Magoti humsumbua sana, na kwa sababu hiyo amezoea kununua diklopa dukani kila maumivu yanapomzidi.

Miezi miwili iliyopita alishikwa na homa kali na kikohozi. Siku ya kwanza tulimpeleka zahanati iliyo jirani, akachomwa sindano mbili za diklopa kwenye makalio, akarudi nyumbani. Siku ya tatu akawa anapumua kwa taabu na kulalamika kwamba ubavu wa kulia unamchoma kila akivuta pumzi, ndipo tukamkimbiza hospitali kubwa, ambayo naomba nisiitaje. Huko walikuta mapigo ya moyo ni 124 kwa dakika na oksijeni asilimia 87, na picha ya kifua ikaonyesha nimonia. Akawekewa oksijeni na kuanzishiwa antibayotiki za mshipani. Usiku uleule ikachukuliwa damu ya kupima moyo, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Nimeambatanisha nakala za karatasi zote. Troponini T ya kwanza ilikuwa 86, na pembeni yake pameandikwa kuwa kikomo ni 14. Baada ya saa sita ikawa 131. Kesho yake jioni ikawa 97, na siku ya tano, aliporuhusiwa, ikawa 52. Kuna kipimo kingine kiitwacho CK ambacho jibu lake ni 640, nacho kimewekewa nyota ya kuonyesha kwamba kiko juu. Kipimo cha umeme wa moyo kilifanywa mara mbili, tukaambiwa kwamba moyo unakwenda mbio na kuta zake zimenenepa kwa ajili ya presha, basi. Eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, nayo ilisema kuta ni nene lakini hakuna sehemu ya moyo iliyoshindwa kujikaza. Daktari wa zamu aliyempokea alituambia kuwa mama amepata mshtuko wa moyo, na daktari aliyemruhusu akasema ni nimonia iliyouchosha moyo. Kwenye cheti cha kuruhusiwa kuna mstari huu: “Nimonia kali. Mshtuko wa moyo?” Hiyo alama ya kuuliza sikuiongeza mimi.

Alitoka na aspirini, klopidogreli na atorvastatini, juu ya dawa zake za presha. Wiki tatu baadaye tulirudia troponini kwenye maabara nyingine, jibu likaja 0.046. Shangazi akapiga vigelegele, maana kushuka kutoka 131 hadi sifuri na ushei ni kupona kulikoje? Mjomba, kaka mkubwa wa mama, hakubaliani naye. Yeye anasema mshtuko wa moyo hauponi wenyewe, na ameshapata mnunuzi wa shamba letu la michungwa kule Muheza ili mama apelekwe Dar es Salaam akaingizwe mpira kwenye mishipa ya moyo. Mama mwenyewe anasema moyo wake ni mzima na wanaompa mshtuko ni sisi. Hata hivyo tangu wiki iliyopita tumbo linamuunguza kila anapomeza zile dawa, na anataka kuziacha.

Naomba unijibu mambo matatu. Je, troponini ikipanda inaweza kuwa na sababu nyingine isiyo mshtuko wa moyo? Je, mama aendelee na dawa? Na je, tuuze shamba? Mnunuzi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Binti wa Makorora, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na mpe mama pole zangu. Umezipanga namba kwa siku na kwa saa, jambo ambalo hata sisi tulio kazini huwa hatulifanyi kila mara, na kwa kuwa umelifanya, barua yako imebeba nusu ya jibu. Nusu nyingine anayo daktari anayeweza kumsikiliza mama kifua na kumtazama miguu, kwa hiyo haya nitakayoyasema yachukue kuwa maelezo ya kwenda nayo kwake, wala usiyafanye hukumu.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi, nalo ni ndiyo. Troponini ni protini iliyomo ndani ya seli za misuli ya moyo, nayo ni sehemu ya mtambo unaoiwezesha misuli hiyo kujikaza na kulegea. Misuli ya mikono na miguu ina troponini zake, lakini zimeumbwa tofauti kidogo, na vipimo vya sasa vimetengenezwa ili vikamate ile ya moyo. Seli ya moyo ikiumia, troponini huvuja na kuingia kwenye damu, na ndiyo maana namba ikivuka kikomo tunasema kwamba moyo umeumia. Umeumizwa na nini, namba hiyo peke yake haisemi. Mtoto akirudi nyumbani goti linamtoka damu, mama yake anajua kwamba ngozi imechubuka, ila hajui kama ameanguka na baiskeli au amesukumwa na wenziwe mpaka aulize, atazame na vumbi liko upande gani wa nguo.

Kile kikomo cha 14 ulichokiona, ambacho ni nanogramu 14 kwa lita, kilipatikana kwa kuwapima watu wenye afya na kuangalia ni wapi wanakoishia 99 kati ya kila 100. Hakikuwekwa kama mpaka wa mshtuko wa moyo. Vipimo vya zamani vilikuwa vizito wa kuona, vikingoja troponini iwe nyingi ndipo viseme. Vya sasa huona hata kiasi kidogo mno, na faida yake ni kwamba mshtuko wa kweli hugunduliwa mapema, ndani ya saa chache tangu maumivu yaanze. Gharama yake ni hii iliyowafikisha nyinyi kwenye ugomvi: wapo wazee wengi wenye presha, wenye figo dhaifu au wenye moyo uliochoka, ambao wakipimwa siku yoyote ile, hata wakiwa wamekaa barazani wanakunywa kahawa, watakutwa juu ya kikomo.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2018 vyama vya madaktari wa moyo vya Ulaya na Marekani, pamoja na Shirikisho la Moyo Duniani, vilitoa toleo la nne la maana ya pamoja ya mshtuko wa moyo, na humo vikatenga waziwazi mambo mawili ambayo wengi wetu tulikuwa tukiyachanganya. La kwanza ni jeraha la misuli ya moyo, yaani troponini iliyo juu ya kikomo kwa sababu yoyote ile. La pili ni mshtuko wa moyo wenyewe, ambao hautajwi mpaka troponini ionekane ikipanda au ikishuka, na pamoja na hilo upatikane angalau ushahidi mmoja kwamba misuli ilikosa damu: maumivu ya kifua ya aina yake, mabadiliko mapya kwenye umeme wa moyo, sehemu ya ukuta wa moyo iliyoacha kujikaza ikionekana kwa eko au picha nyingine, au donge la damu lililoonekana ndani ya mshipa. Kila mshtuko wa moyo una jeraha ndani yake, lakini majeraha mengi ya moyo si mshtuko.

Sasa tuzisome namba za mama. 86, kisha 131, kisha 97, kisha 52. Hizi zimepanda zikashuka, na kupanda kutoka 86 hadi 131 ni zaidi ya nusu ya kiasi cha mwanzo, ilhali kwa mtu ambaye namba yake ya kwanza tayari iko juu, badiliko linalozidi asilimia 20 hutosha kutuambia kwamba kuna jambo jipya limetokea. Kwa hiyo daktari wa zamu hakukosea kushtuka usiku ule. Moyo wa mama uliumia siku zile, na anayesema kwamba hakikuwa kitu anakosea.

Kinachopungua ni ule ushahidi wa pili. Ubavu unaochoma mtu anapovuta pumzi ni maumivu ya utando wa pafu, na ndivyo nimonia inavyouma. Maumivu ya moyo uliokosa damu kwa kawaida hubana katikati ya kifua kama mzigo, huweza kwenda taya au mkono, na hayafuati pumzi. Umeme wa moyo ulipimwa mara mbili bila kuonyesha badiliko jipya, na eko haikuona ukuta uliolala. Kilele cha 131 nacho ni kidogo, kwani mshtuko mkubwa huipeleka namba kwenye maelfu, ijapokuwa udogo wa namba peke yake haufuti mshtuko. Hapa sina budi kuwa mkweli kwako: wanawake wenye umri wa mama, wenye presha na figo dhaifu, huweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu yale ya vitabuni, na nimonia yenyewe huongeza uwezekano wa mshtuko wa kweli katika siku zake za mwanzo. Daktari aliyeweka alama ya kuuliza, kwa maoni yangu, alikuwa mwaminifu kuliko ambaye angeandika neno moja kwa kujiamini. Kosa lililopo ni kwamba alama hiyo haikuelezwa kwenu, wala haikupewa tarehe ya kujibiwa.

Nimonia huujeruhi moyo kwa njia zaidi ya moja, na hapa nitakawia kidogo, maana nadhani ndipo kisa cha mama kilipo. Moyo hupata damu yake wenyewe wakati unapolegea, si wakati unapojikaza, na kadiri unavyokwenda mbio ndivyo muda wa kulegea unavyopungua. Mapigo 124 kwa dakika yana maana kwamba kazi imeongezeka huku nafasi ya kula imekatwa. Ongeza hapo damu yenyewe ambayo inapita ikiwa na oksijeni pungufu, asilimia 87, na kuta ambazo presha ya miaka 12 imezinenepesha, hivyo zinahitaji chakula kingi kuliko kuta za kawaida. Juu ya yote, maambukizi makali humwaga kwenye damu kemikali za uvimbe na sumu za vijidudu zinazoziumiza seli za moyo moja kwa moja, hata pale ambapo mishipa iko wazi. Kama katika hali hiyo kunapatikana ushahidi kwamba misuli ilikosa damu, tunauita mshtuko wa aina ya pili, wa mahitaji kuzidi riziki, tofauti na aina ya kwanza ambayo utando wa mafuta ndani ya mshipa hupasuka na donge la damu likaziba njia. Ushahidi huo usipopatikana, tunaliita jeraha la moyo lililosababishwa na nimonia, na tiba yake kuu ni kuitibu nimonia. Ndivyo ilivyofanyika kwa mama, naye akapona.

Ile 0.046 sasa. Shangazi anisamehe, lakini vigelegele vilitangulia. Kwenye nakala uliyonitumia, pembeni ya 0.046 pameandikwa nanogramu kwa mililita, wakati hospitali ile ya kwanza ilitumia nanogramu kwa lita. Lita moja ina mililita 1,000, kwa hiyo zidisha kwa 1,000 utapata 46. Mama hakushuka kutoka 131 hadi sifuri na ushei. Ameshuka kutoka 131 hadi 46, na kati ya 52 aliyotoka nayo wodini na hiyo 46 hakuna tofauti kubwa, hasa ikiwa mashine za maabara mbili hazilingani. Nimeona watu wakiruhusiwa kwa furaha na wengine wakikimbizwa kwa hofu kwa sababu tu ya nukta hii ya desimali. Angalieni pia jina: troponini T na troponini I ni vipimo viwili vyenye vikomo tofauti, na namba ya kimoja hailinganishwi na ya kingine hata kidogo. Bahati nzuri nyinyi mmepima T mara zote.

Kubaki kwenye 46 wiki tatu baadaye, mama akiwa hana homa wala shida ya kupumua, kunatuelekeza kwenye figo na presha. Kwa mwanamke wa umri wake, kreatinini ya 150 ina maana kwamba figo zinafanya kazi kama theluthi moja ya kiasi cha kawaida. Watu wa namna hii, na zaidi wale wanaosafishwa damu kwa mashine, mara nyingi huwa na troponini T iliyo juu ya kikomo siku zote, ikikaa palepale mwezi hadi mwezi. Wapo wanaosema kwamba hiyo ni troponini ambayo figo zimeshindwa kuitoa, kwa hiyo isihesabiwe. Sehemu ya maneno hayo ni kweli, lakini si yote, kwa sababu kwa mgonjwa wa figo moyo wenyewe hujeruhiwa polepole na presha, na maji yanayojaa mwilini, na upungufu wa damu unaotokana na figo kushindwa kutoa homoni inayochochea uboho. Mwenye figo dhaifu ambaye troponini yake iko juu daima yuko kwenye hatari kubwa ya maradhi ya moyo kuliko mwenzake mwenye figo dhaifu ambaye yake iko chini. Namba ya 46 hakuna haja ya kuikimbilia usiku. Ni ya kuitunza. Iandikeni kwa wino kwenye daftari la mama, kwamba akiwa mzima troponini T yake ni nanogramu 46 kwa lita, ili siku akiugua tena daktari apate pa kulinganishia badala ya kuiona 46 kama habari mpya.

CK isikusumbue. Hicho ni kipimo cha zamani ambacho hupanda misuli yoyote ya mwili ikiumia, na sindano mbili za makalio siku mbili kabla, pamoja na homa na kutetemeka, zinatosha kuifikisha 640. Siku hizi troponini ikiwepo, CK haituongezei mengi katika habari ya moyo.

Kuna sababu nyingine nyingi za troponini kupanda, na sitazipitia zote. Moja lazima niitaje kwa kuwa inafanana mno na aliyoyapata mama: donge la damu linalotoka mguuni na kwenda kuziba mshipa wa pafu. Nalo huchoma ubavu, hushusha oksijeni, hukimbiza mapigo na hupandisha troponini kwa kuulemea upande wa kulia wa moyo. Picha ya nimonia na kupona kwa antibayotiki kunanifanya niamini kwamba mama hakuwa nalo, lakini kama mguu wake mmoja uliwahi kuvimba au kuuma wakati ule, au akianza tena kupumua kwa taabu, mwambieni daktari. Moyo ulioshindwa kusukuma damu, moyo unaokwenda mbio kwa hitilafu ya umeme wake, presha iliyoruka ghafla, kiharusi, kuchanika kwa mshipa mkuu, na uvimbe wa misuli ya moyo unaowapata hata vijana baada ya mafua ya virusi, vyote huipandisha. Hata mtu mzima wa afya akikimbia marathoni ya kilomita 42 huweza kuvuka kikomo kwa siku moja au mbili kisha ikarudi chini yenyewe.

Na ipo ile ambayo madaktari wa Japani waliieleza mwaka 1990 wakaipa jina la takotsubo, yaani chungu cha kunasia pweza, kwa sababu moyo huvimba nchani na kubanwa shingoni kama chungu hicho. Sisi wa pwani pweza tunamfuata mwambani kwa mkuki maji yakipwa, kwa hiyo jina lingekuwa jingine kama maradhi hayo yangegunduliwa Tanga. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi, mara nyingi baada ya msiba au hofu kubwa, na troponini hupanda ilhali mishipa haikuziba. Eko ya mama ingeuonyesha umbo hilo, na haikuuonyesha.

Tuje kwenye dawa, ambapo naomba unisikilize vizuri. Mama asiziache kwa uamuzi wa kitandani, na pia asiendelee nazo kwa miezi bila mtu kuamua ni za nini. Aspirini na klopidogreli zikitolewa pamoja huzuia damu kuganda ndani ya mshipa wa moyo ambao utando wake umepasuka, na kwa mgonjwa wa aina hiyo huokoa maisha. Kwa ambaye hakupasukiwa na utando, faida hiyo hupungua sana, na kinachobaki ni hatari ya kutokwa damu. Kwa hiyo alama ile ya kuuliza, iliyoonekana kama jambo la karatasi tu, ndiyo inayoamua mama ameze vidonge viwili au asimeze. Tumbo linalomuunguza ni sababu ya kumpeleka kliniki wiki hii bila kungoja tarehe ya miadi. Akipata choo cheusi kama lami, au akitapika damu, au akizidiwa na kizunguzungu anaposimama, mpelekeni hospitali saa ileile. Msimnunulie omeprazoli dukani kumtuliza, kwani hupunguza nguvu ya klopidogreli. Daktari akiona inafaa atamchagulia dawa ya tumbo isiyogombana nayo. Atorvastatini, ile ya kupunguza mafuta kwenye damu, ni habari nyingine: yawezekana ikabaki hata alama ya kuuliza ikifutwa, kwa kuwa mwenye figo dhaifu wa umri wake hufaidika nayo.

Lakini dawa ninayotaka iachwe leo, bila kungoja kliniki, haimo kwenye orodha ya hospitali. Ni diklopa. Diklofenaki huzidhoofisha figo zilizokwisha dhoofika, hupandisha presha, huongeza hatari ya mshtuko wa moyo wa kweli, na ikikutana tumboni na aspirini na klopidogreli hulichubua na kulitoa damu. Sitashangaa kama kuungua huko kwa tumbo kunatokana na vidonge vya magoti kuliko vya moyo. Muulize mama kwa upole kama bado anameza, na uangalie kwenye mkoba wake pia, maana mama zetu hawapendi kuhesabiwa dawa. Kwa magoti, parasetamoli kwa kipimo cha kawaida ni salama zaidi kwake, na daktari atasema la kuongeza.

Mjomba ana haki ya kuogopa, na msimdharau. Kuingizwa mpira, yaani kuchunguzwa mishipa ya moyo kwa katheta, ni jambo la maana sana kwa mgonjwa anayelihitaji, na Dar es Salaam Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hulifanya. Kwa mama, kwa namba na picha ulizonitumia, sioni dharura inayolidai mwezi huu. Isitoshe, dawa inayomiminwa ili mishipa ionekane hupita kwenye figo na huweza kuziumiza, na figo zenye theluthi ya nguvu hazina akiba ya kuchezea. Sababu ikiwepo, hatari hiyo hukubaliwa na maandalizi hufanywa. Mwelezeni mjomba kwa lugha hiyo, kwamba kabla ya shamba kuna swali moja la kuulizwa kwa daktari bingwa wa moyo au wa magonjwa ya ndani: ni ushahidi gani, mbali na troponini, unaoonyesha kwamba misuli ya moyo wa mama ilikosa damu? Akitaja ushahidi, nendeni. Akisema haupo, mwombeni aifute alama ya kuuliza kwa maandishi na kuandika jeraha la moyo kutokana na nimonia, juu ya moyo ulioathiriwa na presha na figo, kwa sababu kila daktari atakayemwona mama baadaye atakisoma kile cheti.

Nendeni na karatasi zote pamoja na zile chati za umeme wa moyo, na mwende na mjomba mwenyewe ili asikie kwa masikio yake. Siku hiyo ombeni kreatinini irudiwe, mkojo upimwe protini, wingi wa damu upimwe, na presha iangaliwe kwa makini, kwani kwenye figo na presha ndiko moyo wa mama unakoweza kusaidiwa zaidi kwa fedha kidogo kuliko kokote kwingine. Waulizeni pia kuhusu chanjo za mafua na nimonia, na wapi zinapatikana.

Na wakati mnangoja siku hiyo, mama akibanwa katikati ya kifua kwa zaidi ya dakika 10 akiwa ametulia, akitokwa jasho la baridi, akiishiwa pumzi au kuzimia, yote niliyoandika hapa yawekeni kando na mumkimbize hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, na mkifika mseme kwa sauti kwamba ni kifua, ili kipimo hicho kifanywe ndani ya dakika 10 za kwanza. Daftari lenye ile 46 msilisahau nyumbani.

Mnunuzi wa shamba mwambieni kwamba jibu lake litatoka baada ya kliniki. Kama hawezi kungoja, Muheza michungwa ni mingi.